Mtahini Aliyeomba Kitanzi Kibaya

Walisema sitaweza. Kwanza walisema sitaweza kushika ufito wa kuvulia wa Wazungu, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa ya karakana, imezoea spana na mafuta machafu. Nilipoushika, walisema sitapewa kamwe cheti cha kuwafundisha wengine. Na tulipofukuzwa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba huko Katanga, walisema sitarudi. Fundi viatu wa kambi yetu ya wafanyakazi, ambaye kibanda chake kilikuwa bunge la watu wasio na kazi, alilisema hilo la mwisho kwa sauti ya kutosha ili mama yangu alisikie, kwa Kiswahili chetu kinachosema njo badala ya ndio.

"Huyu? Atarudia hapa siku samaki atavaa biatu. Na mi njo nitamushonea."

Leo, mimi ninayeandika haya nina diploma ya ualimu wa kurusha kamba ya kuvulia, yenye mhuri na sahihi za watahini wawili wa kigeni. Nimefundisha mabalozi, madaktari wa macho na mjane mmoja tajiri aliyetaka nihamie kwao. Nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye veranda pande mbili. Sikurithi hata msumari. Nasema haya mapema ili msomaji ajue anaongozwa na mtu wa namna gani, halafu niyaache, maana nimekaa kuandika habari za mtu mwingine. Huyo hakusema hata siku moja kwamba sitaweza. Wala hakusema kwamba nitaweza. Sote tulimwita Mtahini.

Kwa asiyeujua uvuvi huu, nieleze kidogo. Ufito ni mrefu na mwembamba. Kamba yake ni nene, ya rangi kali, na mwisho wake hufungwa nzi wa bandia aliyetengenezwa kwa manyoya. Nzi huyo hana uzito wowote, kwa hiyo huwezi kumrusha kama unavyorusha ndoano yenye risasi. Unachokirusha ni kamba yenyewe. Unaipeleka nyuma, unaingoja inyooke, kisha unaileta mbele. Na inapogeuka hewani hujikunja kama herufi U iliyolazwa ubavu. Mkunjo huo ndio kitanzi. Kitanzi chembamba hupasua upepo na kufika mbali. Kitanzi kipana hupepea na kuanguka karibu. Halafu kuna kile cha tatu: mguu wa juu wa kitanzi huporomoka, ukaupita ule wa chini, kamba ikajinasa yenyewe na kupiga fundo. Hicho ndicho tulichokiita kitanzi kibaya, na habari hii yote inakizunguka hicho.

Siku ambazo kampuni ya madini ilikuwa bado kampuni, pale ziwani Nzilo, juu ya bwawa la umeme, palikuwa na klabu ya wavuvi. Wahandisi waliianzisha, wakaondoka, wakatuachia majani yaliyofyekwa vizuri, viti vya chuma na desturi ya mtihani. Aliyefaulu mtihani huo aliitwa mwalimu wa ziwa. Alipewa kijumba kando ya maji, na watu waliokuja Jumapili kutoka mjini walimsalimia kabla ya kumsalimia meneja. Mimi nilikitaka kijumba kile na salamu zile kuliko nilivyotaka chakula. Na mlango wa kuingilia huko ulikuwa mmoja tu, Mtahini.

Kazini alikuwa mkuu wa chumba cha michoro. Yeye ndiye aliyechora mashimo ya shaba kabla hayajachimbwa, ngazi kwa ngazi, na jicho lake lilikuwa limezoea mistari kiasi kwamba hakuweza kukaa mezani mwa mtu bila kusogeza sahani zikae sambamba. Alivaa tai hata ziwani. Alikuja na kiti chake mwenyewe, cha kukunja, na jambo la kwanza alilofanya ni kukiweka kando.

Kukaa kando kulikuwa dini yake. Watu wengine wote walisimama nyuma ya mrushaji, wakitazama kamba inakwenda mbali kiasi gani, wakipiga makofi. Mtahini alikaa ubavuni, mbali kidogo, ambako umbali hauonekani lakini kitanzi kinaonekana chote. "Mwenye kusimama nyuma anaona sifa," alisema. "Mwenye kukaa kando anaona kazi."

Vipimo vyake havikuwa vya mita. Alikuambia, "Nipe mulango," nawe ukatakiwa urushe kitanzi ambacho mtu angeweza kupita ndani yake bila kuinama. "Nipe dirisha," ukakipunguza. "Nipe sahani," na hapo kamba ilipaswa kupita hewani ikiwa imejikunja kwa upana wa sahani ya kulia bukari, yaani ugali, si zaidi. Hakutaka vitanzi vizuri. Alitaka kile alichoomba. Mhandisi mmoja kijana, aliyeombwa mlango akatoa sahani ya kupendeza mno, aliitwa tata, yaani baba, akaambiwa kwa upole, "Nimeomba mulango, tata. Sasa mwanafunzi wako atapita wapi?"

Kisha lilikuja swali lake. Alikuwa na swali moja tu, nalo lilitosha kumfanya mtu mzima ajikune kichwa: "Juu ya nini?" Kwa nini kitanzi kimekuwa kipana? Ukisema mkono umechoka, aliuliza tena, "Juu ya nini?" Ukisema upepo, alinyanyua kidole kuupima upepo, akakishusha, akakutazama mpaka uone aibu. Jibu alilolitaka lilihusu ncha ya ufito na njia iliyopita. Yeye aliifundisha kama mchoraji. Ncha ikipita juu ya rula, kitanzi ni chembamba. Ikipita juu ya kilima, kitanzi ni kipana. Ikipita bondeni, yaani ikibonyea katikati ya safari kisha ikainuka, kitanzi kinajinasa. Rula, kilima, bonde. Watoto wa kambi waliimba maneno hayo wakiruka kamba, bila kujua yametoka wapi.

Matokeo hakuyatangaza. Ilikuwa hivi: mtihani ukiisha, kama umeshindwa, unakunja kamba yako mwenyewe unarudi nyumbani. Kama umefaulu, Mtahini anainuka, anakuja, anauchukua ufito mikononi mwako na kuikunja kamba yeye, taratibu, mpaka yote iingie kwenye gurudumu la kukunjia lililo mpinini mwa ufito. Hakuna neno, hakuna mkono. Wageni hawakuelewa. Sisi tuliojua tulikuwa tukiiangalia mikono yake kama watu wanaosubiri mvua.

Sasa, usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na mambo yake.

Hakula samaki wa ziwa. Maisha yake yote alitahini wavuvi, na samaki mbichi akiletwa mezani alihama kiti. Lakini makayabo, samaki wa chumvi anayetoka mbali baharini, aliwala kwa sombe, yaani kisamvu, mpaka akafungua kifungo cha suruali. Nilimuuliza mara moja tofauti iko wapi. "Ule wa ziwa naweza kuwa nilimuona akiwa muzima," alisema. "Huyu nimemukuta amekwisha kufa. Sina neno naye."

Aliogopa maji. Hakupanda mtumbwi hata siku moja, na viatu vyake havikuvuka mstari ambako majani yaliishia na tope kuanza. Alihubiri subira, lakini foleni ya mkate ilimtia wazimu. Alikuwa mkali wa ukweli ziwani, ilhali nyumbani alimdanganya mkewe kila wiki kuhusu bei ya tumbaku. Na yeye mwenyewe hakuwa mrushaji wa ajabu. Bega lake la kulia lilikuwa gumu tangu zamani, na sahani yake ilikuwa pana kuliko yangu. Nilimwambia hivyo siku moja, maana sikuzaliwa na aibu.

"Tata, mi nakushinda kwa sahani."

"Unanishinda sana," alijibu, akiendelea kukunja kiti chake. "Na ng'ombe ananishinda kwa mbio. Bado sijamupa examen."

Mtihani wangu wa kwanza ulifanyika wakati kampuni ilikuwa imeanza kuyumba. Mishahara ilichelewa, kisha ikakatika. Mitambo ilikuwa inanyamaza mmoja mmoja, na wafanyakazi wakauza vyandarua vyao. Watu walidhani mtihani wa kurusha kamba utakufa kwanza. Mtahini alikuja na tai na kiti chake kama kawaida. Ufito sikuwa nao. Alinipa wake nitumie, kama alivyowapa wote wasiokuwa na ufito. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa miezi mingi kando ya Kingamyambo, kule kwenye mabaki ya madini, ambako ardhi ni tambarare na nyeupe kama unga. Nilirusha kamba ya katani iliyopakwa nta kwa mwanzi niliouchonga mwenyewe, na kivuli cha kitanzi kilionekana juu ya ardhi ile kama kimechorwa. Hakuna mwalimu aliyenipa wazo hilo. Nilijipa mwenyewe.

Nikampa mlango. Nikampa dirisha. Nikampa sahani, na hata meneja aliacha kunywa. Kisha Mtahini akasema, "Nipe kitanzi kibaya."

Nilidhani sikusikia. "Kibaya?"

"Kibaya. Chenye kujinasa."

Nikajaribu. Kamba ikatoka dirisha. Nikajaribu tena, ikatoka sahani, nzuri kuliko ya kwanza. Mkono wangu ulikataa kuaibika mbele za watu. Nilikuwa nimetumia muda wote ule kukifukuza kitanzi kibaya, nami sikujua kilikokwenda.

"Tata, mi sikujifunza kwa kutupa mubaya."

"Njo maana ungali muvuvi," alisema. "Muvuvi anakimbia ugonjwa. Mwalimu, mwanafunzi atamuletea ugonjwa mu mukono, aseme, angalia. Kama wewe hauwezi kuufanya ugonjwa ule kwa kujua, utajua namna gani kama ulimuponyesha? Ao ulipona wenyewe?"

Akabaki kitini. Nikakunja kamba mwenyewe. Nilimchukia njia nzima mpaka mjini, na jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba sikuweza kupata kosa katika maneno yake.

Halafu ukaja wakati wa kufukuzana. Sitauandika wote, walioupitia wanaujua, na wasioupitia wataambiwa na wengine. Baba yangu alizaliwa Kasai, mkoa wa jirani, na waliokuwa wakifukuzwa ni watu wenye asili ya huko. Mimi nilizaliwa Kolwezi, katika kambi, na Kasai nilikuwa naijua kwa jina tu. Hilo halikusaidia. Majirani tuliobatizwa nao kanisa moja walianza kutuita watu wa kuja. Nyumba zikawekwa alama, na mwisho tukajikuta stesheni pamoja na maelfu ya wengine, tumelala kati ya magodoro, cherehani na makabati, tukingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Watu wengi walikuja kutuaga, na walitupatia vitu. Shati, unga, mshumaa. Walitupa kwa macho ya watu wanaomvika maiti. Lakini watu watatu hawakutupa kitu, walituazima. Mama jirani yetu, aliyekuwa akiuza mandazi mlangoni kwake, alileta sufuria yake kubwa ya alumini. "Hii ni ya kwangu," alimwambia mama yangu. "Usinifanyie mambo. Nitaitafuta." Mfanyabiashara wa malori, Mwislamu ambaye watu wake walitoka mashariki, alileta turubai la gari, bashi kama tunavyosema kwetu, likatufunika na mvua. Na yeye alisema, "Mutanirudishia. Gari yangu haiwezi kutembea uchi." Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini vitu vile vya kuazima vilitupa nguvu kuliko vile vya kupewa. Baadaye nilielewa. Aliyetupa alikuwa ameaga. Aliyetuazima alikuwa anangoja.

Wa tatu alikuwa Mtahini.

Alifika asubuhi, amevaa tai, kiti cha kukunja mkono mmoja na ufito ndani ya mfuko wake wa kitambaa mkono mwingine. Yeye alikuwa mtu wa upande wa Sandoa, kulekule Katanga. Hakuna aliyekuwa akimfukuza. Vijana waliosimama langoni walimtazama vibaya kwa sababu anakuja kwetu, na watu wetu walimtazama vibaya kwa sababu anatoka kwao. Alipita katikati, akisema pardon kwa kila godoro, mpaka akanifikia.

"Examen yako ya pili ilikuwa juma hili," alisema. "Hatukuisogeza."

Fundi viatu, ambaye alikuja stesheni kila siku kuwanunulia watu vitu vyao kwa bei ya kutupa, alicheka mpaka akakohoa. "Tata, bantu banafukuzwa, na wewe unaleta michezo ya kamba?"

"Sogeza begi lako," Mtahini alimjibu. "Liko mu njia ya kitanzi."

Watu wakasogea. Sijui kwa nini. Nadhani walikuwa wamechoka kungoja, na hili lilikuwa angalau jambo lenye mwanzo na mwisho. Wakatengeneza uwazi mrefu kando ya reli. Mtahini akaweka kiti ubavuni, akafunga kipande cha sufi nyekundu mwishoni mwa kamba badala ya ndoano, akanipa ufito.

Nikampa mlango, nikampa dirisha, nikampa sahani. Wamama waliacha kuchochea moto. Kwa muda mfupi ule, nakumbuka, hakuna aliyekuwa amefukuzwa mahali popote.

"Nipe kibaya."

Nilikuwa nimekifanyia mazoezi, nilidhani nakijua. Nikarusha, kikatoka kizuri. Nikarusha tena, dirisha. Nikakata tamaa, nikasema basi nimpe sahani moja ya mwisho kwa heshima, na hapo ndipo kamba ilipoporomoka, ikajipita, ikajinasa. Fundo lilionekana hata na watoto.

Mtahini akainama mbele. "Voilà. Hicho ni kibaya kweli. Juu ya nini?"

Nikaitazama ncha ya ufito.

"Ncha imepita wapi?"

"Bondeni," nilisema, nikikariri tu wimbo ule wa watoto.

"Najua ni bondeni. Juu ya nini imeshuka bondeni?"

Sikujua. Kisha akaegemea kitini, mikono magotini. Mama yangu, aliyekuwa amekaa juu ya sufuria ya jirani aliyoigeuza kuwa kigoda, alielewa kilichotokea, akainuka.

"Tata, si umupe tu? Tunaenda. Hata wewe hautamuona tena. Itakuuma nini?"

Hapo kwa mara ya kwanza nilimwona Mtahini akitafuta maneno.

"Mama," alisema mwishoni, "nikimupa bure, nitakuwa nimekubali kama hatarudia. Mutu mwenye hatarudia, tunamupa bintu byote ya bure. Mutu mwenye atarudia, tunamubakishia examen yake."

Mama alikaa tena juu ya sufuria. Nikakunja kamba mwenyewe, na nilipomaliza nikamnyoshea ufito. Hakuupokea. Alianza kukunja kiti chake.

"Huo nimekuazima," alisema. "Sikukupa. Usikosee hapo."

Akaondoka kama alivyokuja, pardon kwa kila godoro.

Miaka iliyofuata naipita haraka, ingawa ni yangu na ningeweza kuisifia. Treni ilitufikisha Kasai, ambako tuliitwa watu wa Katanga. Mama alizikwa huko. Mimi nilishuka kusini, nchi baada ya nchi, nikaosha vyombo katika hoteli moja ya kando ya mto ambako watalii walikuja kuvua kwa nzi wa manyoya. Ufito ulikaa chini ya kitanda changu. Jioni niliutoa, na sikufanya mazoezi ya vitanzi vizuri tena. Nilikuwa na hivyo vya kutosha. Nilikitafuta kile kibaya. Nilikifanya mpaka mkono ukakijua njia yake yote: unaanza polepole, halafu katikati unaingiza nguvu yote kwa ghafula, ufito unajikunja mno kwa safari fupi, ncha inashuka, kisha inaruka juu. Siku nilipoweza kukiita nacho kikaja, kama mbwa, nilikaa chini kwenye majani nikacheka peke yangu.

Mgeni mmoja aliniona, na kwa kifupi nilitoka jikoni. Nilipofanya mtihani wa diploma, watahini wawili wa kigeni walinitaka nirushe kitanzi kibaya makusudi na nieleze chanzo na dawa yake. Wenzangu wengi walibabaika. Mimi niliwauliza wanakitaka upande wa kulia au wa kushoto. Wakaniuliza nimefundishwa na nani. Nikawaambia, na mtu aliyeniangusha mara mbili.

Nilirudi Kolwezi kwa gari langu mwenyewe. Mji ulikuwa umejaa malori na vumbi na kampuni nisizozijua. Lakini kambi ilikuwa palepale, na kibanda cha fundi viatu kilikuwa palepale, na yeye ndani yake, mvi kichwa kizima. Alinitazama, akatazama gari, akatazama tena viatu vyangu.

"Samaki amevaa biatu," nikamwambia.

"Lakini si mi njo nilimushonea," alisema. "Kwa hiyo haihesabiwe."

Nikawaalika wote. Sikuficha nia yangu: nilitaka waone. Siku hiyo niliamua kurudisha kila nilichoazimwa, mbele ya macho yale yale yaliyosema sitarudi.

Nilianza na sufuria. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, basi niliijaza unga mweupe, na juu ya unga kuku wawili waliochomwa. Mama jirani, mzee sasa, hakutazama kuku kwanza. Alipitisha mkono ubavuni mwa sufuria.

"Umeibonyeza."

"Ni treni, mama."

"Mm. Nilisema nitaitafuta." Kisha akafunika uso wake kwa kanga, nami nikatazama pembeni mpaka amalize.

Turubai la kwanza lilikuwa limeoza zamani, kwa hiyo nilinunua jipya la rangi ileile ya kijani, nikafunga ndani yake sukari na majani ya chai. Mwenye malori alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mwanawe alilipokea kwa mikono miwili, akaniambia kwamba baba yake kila alipoulizwa bashi moja liko wapi, alijibu kwamba liko safarini.

Ulibaki ufito. Tukapanda magari, fundi viatu mbele kabisa kwa sababu ya kiyoyozi, tukaenda Nzilo.

Klabu haikuwepo tena, ila majani yalikuwepo, na katika kijumba cha mwalimu wa ziwa alikaa Mtahini. Alikuwa amekuwa mwembamba, miguu imegoma, tai ipo. Nilimpa diploma yangu. Aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo.

"Muhuri muzuri," alisema, akanirudishia.

Nikamnyoshea ufito katika mfuko uleule. Hakuunyoshea mkono.

"Chombo cha mutu hakirudiake kitupu. Umerudia na nini?"

Nilikuwa nimemletea koti jipya, redio, na furushi la makayabo bora kabisa. Nikavionyesha. Akawatazama makayabo kwa muda, sitaficha, lakini akatikisa kichwa.

"Hiyo ni zawadi. Asante. Nauliza ufito, umerudia na nini?"

Hapo nikaelewa. Nikautoa kwenye mfuko, nikafunga sufi nyekundu. Akaomba kiti chake kipelekwe kando. Watu wote wa kambi wakasimama nyuma yangu, mahali pa kuona sifa.

"Nipe mulango."

Nikampa. Dirisha, nikampa. Sahani, na kamba ikapita juu ya maji kama mshale, na nyuma yangu nikasikia kimya ambacho nilikuwa nimekingoja tangu ujana. Hata fundi viatu alisema, "Eh." Kama ningeliweka ufito chini wakati ule, ningekuwa mshindi wa kambi nzima mpaka leo.

Mtahini alishusha sauti, akaomba kama mtu anayeomba chumvi. "Nipe kibaya."

Wale wa nyuma hawakusikia. Nilijua hawakusikia. Nikavuta pumzi, nikaanza polepole, nikaingiza nguvu katikati kwa ghafula. Mguu wa juu ukaporomoka, ukaupita wa chini, kamba ikajinasa na kuanguka majini kama tambi, na sufi nyekundu ikatua karibu na kiatu changu.

Kicheko kilianza kwa mtu mmoja, kikaenea.

"Diploma ya wapi hiyo?" fundi viatu alipaza sauti. "Rudisha gari ya bantu!"

"Juu ya nini?" aliuliza Mtahini.

Nilimjibu kwa sauti ya kusikiwa na yeye peke yake. Nikamwambia ncha imepita bondeni, na imeshuka bondeni kwa sababu nguvu imeingia yote pamoja, katikati, ufito ukajikunja mno kwa safari fupi. Na dawa yake ni kuieneza nguvu tangu mwanzo mpaka mwisho, na kurefusha safari ya mkono.

"Tena."

Nikafungua fundo, nikarusha kile kile, kikaanguka pale pale. Wakacheka zaidi. Mama mmoja alisema niachwe, nimechoka na safari. Niliwasikia wote, na mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno, uliwatafutia jawabu, nao nikaufunga.

Mtahini alishika mikono ya kiti, akainuka kwa taabu. Alikuja juu ya majani hatua ndogo ndogo, akavuka pale majani yanapoishia, viatu vyake vikaingia kwenye tope kando ya maji. Akauchukua ufito mikononi mwangu. Fundo la mwisho alilifungua kwa kucha, bila haraka. Kisha akaanza kuikunja kamba mwenyewe.

Nyuma yetu bado walikuwa wakicheka. Kamba iliingia yote, ikichuruzika maji. Alikausha ufito kwa tai yake, akautia katika mfuko wa kitambaa, akafunga uzi, akaubana chini ya mkono wa kushoto kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kizima. Nikamshika mkono wa kulia kumpandisha majanini, na hapo nikagundua kwamba mikononi mwangu hakukuwa tena na kitu cha mtu.